Mahadhi ya Wete

Jumatatu, mwezi nne Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Manyunyu tangu alfajiri, upepo hakuna, nguo za juzi bado mbichi kambani.

Nilikuwa nakuna nazi redio ilipomkumbuka mtunzi mmoja wa muziki wa filamu za Kihindi, marehemu wa siku nyingi. Mtangazaji alilitaja jina lake mara mbili, na mara zote mbili likanipita. Kisomo changu kidogo hakikufika huko. Kisha wakapiga wimbo. Mjukuu wangu akatoka chumbani mbio, buku la madrasa mkononi.

"Bibi! Hii si kasida yetu ya Maulidi? Wahindi wameiiba!"

Nilibaki juu ya mbuzi na kifuu mkononi, siku ile ya zamani ikinirudia. Ngoja nikuhadithie, japo sina hakika kama nakumbuka yote sawasawa.

Ilikuwa kabla ya Mapinduzi, mwaka umenitoka. Ila karafuu zilizaa sana, hata majamvi ya kuanikia yakafika mlangoni. Jioni watoto wote tulikaa barazani kuchambua, vidole vikituwasha, harufu imeingia mpaka kwenye wali. Shangazi yangu alikaa katikati yetu. Alikuwa ameachwa mara mbili, mtoto hakujaaliwa, na alichokuwa nacho duniani ni sisi wasichana wa chuo cha Kurani, ambao mwalimu alimwachia atusomeshe kasida.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya, niseme haki. Paa la chuo alilivika makuti kwa mikono yake, na mtoto akiugua alikwenda kumsomea hata kwenye mvua. Lakini kuhusu senema alikuwa na neno moja tu: "Aliyeingia humo, akiwa mtoto, akiwa mwalimu, asikanyage tena chuoni kwangu." Na alikwisha kumtoa kijana mmoja, mwenye sauti nzuri kuliko sote.

Basi Shangazi akaenda mjini Wete kumwangalia dada yake aliyejifungua. Ikasadifu siku ya wanawake senema, majirani wakampitia, akavaa buibui lake akaenda. Haya alinambia mwenyewe, tukichambua, kwa sauti ya chini.

"Picha sikuifahamu, mwanangu. Mwanamke alia, mara aimba, mara kakumbatia mti. Lakini mahadhi! Weye! Yamenikaa hapa." Akajipiga kifua.

Akayatilia mahadhi yale maneno ya kumsifu Mtume. Kila mwisho wa ubeti alitutaka tunyamaze. "Hapo vuteni pumzi mbili, msiseme kitu." Wenzangu hawakujua sababu. Mimi alinieleza: kwenye picha, hapo fidla ndizo zilizokuwa zikijibu, na sisi fidla hatuna.

Mwalimu alitusikia tukifanya mazoezi, akasimama mlangoni, makubadhi mkononi.

"Mahadhi mazuri haya, Bi Mdogo. Umeyapata wapi?"

"Wete," Shangazi akasema.

Hakusema uwongo. Kweli yote pia hakuisema. Mwalimu akafurahi, akaamua hiyo ndiyo kasida itakayosomwa kwenye Maulidi, mbele ya shehe mgeni kutoka Mkoani.

"Akitokea mtu mmoja tu anayejua yalikotoka mahadhi," Shangazi alinambia akinifunga mtandio siku yenyewe, "ndiyo basi tena. Nitakuwa wa nani mie?"

Baada ya alasiri watu wakajaa. Ubani ukafuka, mrashi ukazungushwa. Wanaume walikaa uwanjani kwenye mikeka, wanawake nyuma ya pazia la kanga zilizoshonwa pamoja, Shangazi akiwa huko. Sisi tulikuwa mbele.

Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri. Tukanyamaza, pumzi mbili.

Nyuma ya pazia kitu kikajibu. Sauti ya pua, mdomo umefungwa, ikipanda na kushuka kama fidla. Kwanza ilikuwa moja, kisha tatu, kisha pazia zima. Hawakukusudia, nadhani, lile pengo liliwavuta tu. Mama zetu waliotuambia senema ni nyumba ya shetani, jibu la fidla walilijua mpaka mwisho wake!

Ubeti wa pili ikawa vilevile, na kwa nguvu zaidi. Sasa sauti moja ikazipita zote, yenye mkwaruzo kidogo, na hakuna kijijini asiyeijua: ya mke wa mwalimu. Huyu kila mara alikuwa akienda Wete kutazamwa jino. Labda jino lilimuuma kweli.

Mwalimu akainua kichwa, akalikazia macho pazia. Tasbihi ikasimama mkononi. Tulimaliza kasida.

Shehe mgeni akamgeukia. "Mashaallah! Mahadhi haya ya wapi, Mwalimu?"

Mwalimu akavuta punje moja ya tasbihi, kisha ya pili.

"Ya Wete," akasema.

Nyuma ya pazia mtu alicheka, akazibwa mdomo.

Shangazi alitusomesha, na waliotufuata akawasomesha, mpaka macho yalipomwisha. Kama Mwalimu na mkewe walisemezana baadaye sijui, na sitaki kubuni. Yule kijana mwenye sauti nzuri hakurudishwa. Hilo nalo naliandika, maana si haki kulisahau.

Sasa senema ile haipo, karafuu si zile, na waliokuwa nyuma ya pazia sidhani kama amebaki hata mmoja. Mtunzi yule naye, sijui kama aliwahi kusikia kwamba kuna kisiwa ambako watoto wanamsifu Mtume kwa mahadhi yake. Na pumzi zile mbili, madrasa bado wananyamaza, bila kujua nani anangojewa.

Jioni mjukuu akaniuliza tena, "Basi ni ya wapi, Bibi?" Nilitaka kumjibu kama walivyojibu wao. Nikamwambia yote. Akainamisha kichwa, kisha akaanza kuiimba pole pole, na alipofika penye pumzi mbili akaniangalia. Nikaijibu kwa pua, mwiko mkononi.

Tulikula shelisheli la nazi na papa mkavu.