Kofia ya Jino la Maziwa

Nilimpeleka mjukuu wangu hospitali ili jino ling'olewe. Hilo nalisema kwanza, mtu asije akafikiri nilikuwa na akili nyingi.

Alikuwa na miaka saba. Jino moja la nyuma, chini upande wa kushoto, lilikuwa limetoboka, na siku tatu alikuwa anakula kwa upande mmoja. Hapa kwetu Kiwanjani jino la maziwa halina maneno. Likiuma, linatoka. Hata maziwa yenyewe huisha, mtoto akaanza kula nyama. Hivyo ndivyo nilivyowafanyia watoto wangu wote, kwa uzi na kwa koleo, na hakuna aliyekufa.

Pale hospitali tukamkuta daktari msichana, mtu wa Meru, aliyekuwa akifanya utafiti wa meno ya watoto. Nikamwambia atoe haraka, mbuzi wangu hawajanyweshwa. Akakataa. Akasema jino lina tundu lakini mizizi ni mizima, atalifunika kwa kofia ya chuma. Nikamuuliza kama huko kwao watu huezeka nyumba inayongoja kubomolewa. Mjukuu wangu akacheka huku ameshika shavu.

"Shosho, hili lina kazi miaka mitatu au minne bado," daktari akasema. "Linalishikia nafasi lile linalokuja."

Sikuelewa. Akachora kwenye karatasi, bado sikuelewa. Akatia Kiingereza kidogo, nikamwambia hicho ampe mwingine. Mwishowe akaniuliza kama huwa nachota maji kwenye kioski. Nikasema ndiyo.

"Sasa ukitoa mtungi wako kwenye foleni kabla zamu yako haijafika?"

Hapo nikaelewa. Ukitoa mtungi, mingine inasukumwa mbele, na ukirudi huna mahali. Unajibana pembeni na ugomvi unaanza.

Nilikuwa namfikiria binti yangu, mama ya huyu mtoto. Meno yake ya chini yamepandana kama kondoo mlangoni mwa boma, na tangu alipokuwa msichana sijamwona akicheka bila kuziba mdomo kwa mtandio. Tulisema ameyarithi kwa watu wa baba yake. Mimi ndiye niliyesema hivyo, tena kwa sauti, mbele ya watu hao hao.

Nikaamua palepale kwamba jino la huyu mdogo halitoki.

Baba ya mtoto alipiga simu kutoka Biliqo, aliko na ng'ombe. Akasema kwa heshima, maana mimi ni mkwe wake, kwamba pengine lingetolewa tu mambo yaishe. Nikamwambia ng'ombe ni wake, mdomo aniachie mimi.

Daktari akaomba pia kumpima mtoto kwa ajili ya utafiti wake. Kulikuwa na karatasi ya kutia sahihi. Mimi sikusoma sana, kwa hiyo nilimwambia aisome yote, hata yale maandishi madogo ya chini. Akasoma. Kumbe anapima meno manne ya mbele ya chini, yaliyokwisha kuota, halafu anakisia ukubwa wa yale ambayo bado yamejificha ndani ya ufizi, ajue kama yatapata nafasi. Nikamuuliza anakisia kwa kitu gani. Akasema kuna jedwali.

"Limetoka kwa watoto wa wapi?"

Akasita. "Wa ng'ambo, shosho."

"Basi unapima ng'ombe wa Borana kwa kamba ya ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu."

Alicheka mpaka akashika meza. Akasema ndiyo sababu anawaomba watoto wa hapa, ajue kama jedwali hilo linawafaa au tunahitaji letu. Nikatia sahihi.

Ilipofika zamu ya kofia, mtoto akakaza mdomo.

"Fungua," nikamwambia. "Kulia utalia nyumbani, nikiwa na nafasi."

Akafungua. Hakuchomwa sindano. Daktari alitia dawa nyeupe ndani ya kofia, akaiweka juu ya jino, akamwambia aume kwa nguvu zake zote. Akauma.

Jioni binti yangu alikuja kumchukua. Alimtazama mtoto mdomoni kwa muda mrefu, naye mtoto akauliza kama kofia itashika kutu. Nikamtuma nje awafungie mbuzi, nikabaki na mama yake.

"Meno yako si ya watu wa baba yako," nikamwambia. "Ni mimi. Niliyang'oa ya maziwa mapema."

Akainama. "Mama, si hukujua."

"Sikuuliza. Kutojua ni kitu kingine."

Baadaye akauliza siku ya kurudi kliniki, akasema atampeleka yeye. Nikamwambia tutaenda wote watatu, na akifika huko naye afungue mdomo. Akabisha kwamba yeye ni mtu mzima, meno yameshakaa. Nikasema ni kweli yamekaa, lakini daktari hajayaona. Nikampa kadi ya kliniki aitunze.