Sinia Magotini mwa Mama

Kahawa mbivu iliyokosa maji hunuka mapema. Mchana ina utamu wa tunda, jioni inakuwa kama pombe iliyosahaulika mtungini, na kesho yake hakuna mnunuzi anayeitazama mara mbili. Harufu hiyo ndiyo ninayoikumbuka kutoka msimu ule kijijini kwetu Mkumbi, wakati vyama vya siasa vilipokuwa vingi na wanunuzi binafsi walipoanza kupanda milima yetu na malori yao. Ukoo wetu uligawanyika. Waliokaa upande wa juu wa mfereji wa maji walijiunga na chama kipya, wakawauzia wenye malori. Sisi wa chini tulibaki na chama cha zamani na ushirika. Ukiniuliza leo tofauti hasa ilikuwa nini, sitaweza kukueleza, na sidhani kama wao wangeweza. Lakini kanisani watu walianza kuchagua mabenchi, watoto wa juu wakaacha kucheza nasi, na mwishowe wa juu wakauziba mfereji.

Mama alikuwa wa mwisho kabisa kufikiwa na maji. Baba alikuwa ameshuka ziwani, Lipingo, kutafuta dagaa wa kuja kuuza, na kahawa iliyorundikwa nyuma ya nyumba ikisubiri kumenywa na kuoshwa ndiyo iliyotegemewa kunipeleka sekondari. Bwana shamba, mtu wa Tanga, mpole, aliitisha mkutano. Wanaotaka maji yaende kwa zamu wanyooshe mikono. Wasiotaka nao wanyooshe. Wa juu walikuwa wengi, basi. "Wananchi wameamua," alisema, akitazama chini. Watu walianza kuondoka na mama bado mkono wake uko juu.

Baba mkubwa Kanisius, kaka yake baba, ndiye aliyekuwa na sauti upande wa juu. Nadhani aliona aibu kidogo, kwa sababu aliitisha sengu. Zamani Wamatengo wa babu mmoja walikula pamoja mahali pamoja, na hapo hapo wakaamua mambo yao. Kikao na mahali vyote huitwa sengu. Kwetu ilikuwa imebaki ya misiba tu. Siku hizi inasifiwa sana, hasa na watu ambao hawajawahi kuibebea chakula. Waliokaa na kusema walikuwa wanaume. Wanawake walipika, wakapiga magoti, wakaweka, wakaondoka. Hakuna aliyezungumza shauri kabla ya kula, na hakuna aliyekula mpaka chakula cha kila nyumba kiwe chini.

Mama alifika wa mwisho, mimi nyuma yake na bakuli la maharage. Alipiga magoti kwa adabu zote, sinia ya ugali mapajani, na hakuiweka chini.

"Weka, Mama Hyasinta," alisema baba mkubwa.

"Naweka, shemeji. Harufu hiyo mnaisikia?"

"Tunasikia ugali!" mmoja alidakia, wakacheka.

"Hiyo ni kahawa ya mdogo wako, shemeji. Inaoza."

"Tutaongea tukishakula. Wewe weka, uende."

"Nikienda, nani ataniongelea? Mwenye nyumba yuko Lipingo."

Aliyekasirika zaidi alikuwa mzee wa upande wetu wenyewe. "Mwanamke anazuia sengu? Tangu lini?" Wa juu wakamuunga mkono. Kwa mara ya kwanza msimu ule pande zote mbili zilikubaliana jambo moja, kwamba mama yangu hana adabu. Ugali ukaendelea kupoa.

"Jamani, njaa!" mtu alilalamika.

"Na mimi magoti yanauma," mama alijibu. "Niambieni maji yanashuka lini, sote tupumzike."

Baba mkubwa alimtazama, akaitazama sinia. "Asubuhi yetu, jioni yenu. Haya, weka."

Akaweka.

Jioni ile maji yalishuka. Tuliosha kahawa iliyopona, nyingine tukaitupa, nami mwaka uliofuata nikaenda sekondari. Baba aliporudi alimgombeza mama kwa kumwaibisha. Zamu zenyewe hazikufika msimu wa pili. Uchaguzi ulikuja, mfereji ukazibwa tena, na safari hii hakuna aliyeitisha chochote.

Sasa naishi kwa kuandika ripoti za mikutano ya ushirikishwaji wa wananchi, Mbinga mjini leo, Mbaha kesho. Tunagawanywa makundi, tunabandika karatasi ukutani, watu wasiosalimiana wanapiga makofi kwa pamoja, na ripoti yangu inasema wameafikiana. Nimechoka kuiandika. Sitamani sengu irudi, maana nakumbuka nani alipiga magoti. Wala mikono iliyonyooshwa sijaisahau. Saa saba chakula huletwa kimefungwa, kila mtu na cha kwake, awe amekubali au amekataa. Wanawake wanaokileta hukiweka mezani na kutoka, na mlango hufungwa nyuma yao.