Maua ya Msituni kwa Aldona

Zenonas alikuwa fundi wa mapaa maisha yake yote. Bati likilegea juu ya mnara wa kanisa, aliitwa yeye, akapanda huku akipiga mluzi. Lakini mwaka aliofiwa na mkewe, Aldona, vuli ilimkuta na hofu: alimhofu Genovaitė, shemeji yake. Miaka yote dada hao wawili ndio waliopamba makaburi ya ukoo kwa Siku ya Wafu, na ulimi wa Genovaitė ulikuwa ukikata kuliko shoka.

"La Aldona nakuachia wewe," alimwambia mapema. "Krisantemumu nyeupe, yale maua ya makaburini, kubwakubwa. Usije ukatutia aibu mbele ya parokia nzima."

Alizinunua, akaziweka barazani, akasahau kuziingiza ndani. Asubuhi alizikuta zimepigwa na jalidi, ile barafu ya usiku, zimelala chini, rangi ya chai. Akakimbilia sokoni.

"Umechelewa, mzee," muuzaji alimwambia. "Wamebeba hadi zilizovunjika."

Afanye nini? Akachukua kikapu, akaingia msitu wa misonobari alikozoea kwenda kuchuma uyoga na mkewe. Akachuma maua madogo ya zambarau ya vichakani, yale yanayokauka bila kupoteza rangi, na matawi yenye vitunda vyekundu. Makaburini, juu ya kilima, akasawazisha mchanga kwa reki, akayapanga, akawasha mishumaa katika vikombe vya kioo. Makaburi ya jirani yalikuwa meupe pe. La Aldona lilionekana kama kichaka kilichopotea njia.

Genovaitė akatokea na mkoba wake, akasimama.

"Haya ni nini?"

"Jalidi, shemeji. Nilizisahau krisantemumu nje. Nitukane tu, tumalize."

Genovaitė aliinama, akachomoa kijiti cha zambarau, akakinusa. Mabega yakaanza kumtikisika. Zenonas alidhani analia, akatafuta leso mfukoni. Kumbe anacheka.

"Aldona alikuwa hazipendi krisantemumu hata kidogo! Alisema zinanuka kabati la padri. Kila mwaka mimi ndiye niliyemlazimisha, kwa kuogopa maneno ya watu."

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Akwambie, uje kunigombeza?"

"Nani, mimi? Shemeji, mimi nakuogopa kama radi!"

Genovaitė akacheka hadi machozi yakamtoka kwelikweli, na wala hakuyafuta. Zenonas akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo mlangoni.

"Sogea huko," shemeji akasema, akipiga magoti. "Moyo unao, mkono huna. Vyekundu vikae upande wa kichwani."

Wakapanga upya pamoja, wakibishania kila tawi. Majirani walipita, wakasalimia, wengine wakasimama kutazama. Giza liliposhuka, makaburi yote yakawaka. Genovaitė akamshika mkono, wakateremka kilima.

"Kuna supu ya kiazisukari nyumbani," akasema. "Leo huli peke yako."