Siku Nilipomwita Baba Mwanangu

Sisi tuliolelewa katika vijiji vilivyozungushiwa mfereji karibu na Ruiru, tuliochuna matunda ya kahawa na kunyonya utamu wake tukienda shule bila viatu, tulijua kuogopa. Tuliogopa firimbi ya askari, fimbo ya mwalimu, na mnanaha, ule mmea wa maua meupe uliomea jaani. Watoto wa siku hizi wanaogopa simu kuishiwa chaji.

Mnanaha ulikuwa dawa ya baba. Vumbi la mkonge, huko Thika alikofanya kazi, lilimpa pumu. Mzee Njuguna, mganga wetu, alimvutisha moshi wa majani ya mmea huo, lakini hakuwasha kitu kabla nyanya, mama yake baba, hajaketi karibu na kichwa cha mgonjwa.

"Moshi huu unamsahaulisha mtu watu wote," mganga alisema. "Mama tu ndiye hasahauliki."

Kisha ikaja Hali ya Hatari, wakoloni wakatufungia katika vijiji hivyo vya mfereji. Nyanya akahamishiwa kijiji kingine, akanyimwa pasi ya kutembea. Siku moja tukiwa tumefungiwa ndani kwa kafyu ya mchana kutwa, baba alibanwa kifua mpaka midomo ikageuka rangi. Mganga, aliyekaa nyumba ya pili, alipenya kwa nyuma akaja, ila akakataa kuwasha. Mama akanisukuma mbele.

"Mama yake si huyu?"

Nilikuwa nimepewa jina la nyanya, Wambui, na kwa desturi yetu baba aliniita Maitu, yaani mama. Nilikuwa bado nang'oka meno ya utotoni.

Mganga akawasha, na kifua cha baba kikafunguka. Halafu macho ya baba yakawa meusi yote. Akamsukuma mama kama mgeni, akisema mkonge unatembea, unakuja kumchukua. Akaelekea mlangoni. Nje palikuwa na askari mwenye bunduki, na hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili.

"Mwite," mganga akaniambia.

Mtoto kutaja jina la baba yake kulikuwa kujitafutia kichapo. Mkojo ulinitoka.

"Kamau," nikasema. "Ni mimi nilikuzaa. Kuja ukae."

Akanigeukia. Akarudi, akalaza kichwa mapajani mwangu, akilia kama mtoto. Nilimshika nikimwogopa, na nikijiogopa hata mimi mwenyewe.

Juzi vijana waliniletea mjukuu wangu kutoka mtaa wa Makongeni, akipigana na ukuta. Walikuwa wametafuna mbegu za mmea uleule, eti wanajistarehesha. Nikawauliza alikuwa na nani.

"Si alikuwa na sisi, shosho. Tulikuwa wengi."

Nikawauliza mama yake anaitwa nani. Mmoja akatoa simu, akaanza kulitafuta jina humo.