Sentensi kwa Gorogoro

Kathini hakuwahi kununua kitu bila kukigeuza na kukitazama chini kwanza, na Kiingereza alikinunua vivyo hivyo. Alimwita Daisy, binti aliyefundisha watoto wa chekechea pale Mraru, akamkalisha juu ya gunia la ndengu na kumuuliza bei.

"Unataka ya nini hasa, mama Mwendwa? Kusoma ama kuandika?"

"Kusema yaliyotokea. Ya kesho wageni wataniambia wao."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakapatana: sentensi tano zilizokaa mdomoni, gorogoro moja ya ndengu, lile kopo la kupimia sokoni. Isiyokaa hailipwi.

Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Shirika moja lilikuwa na waya wa umeme wa kuzuia ndovu, wa kutosha kijiji kimoja tu, na vijiji vilivyouomba vilikuwa viwili: Mraru, na kingine kule Salaita. Mwaka uliopita wageni wa shirika walifika, na mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, Phineas, akajifanya mkalimani. Watu walimwaga shida zao kutwa nzima. Zikipita kwake zikatoka zimekonda, na mgeni akabaki kutazama simu. Safari hii kikundi kiliamua aseme mtu kwa kinywa chake, kwa Kiingereza. Kathini, aliyeuza ndengu soko la Voi na ambaye hakuna dereva wa lori aliyewahi kumpokonya bei, akasukumwa mbele.

Kulikuwa na sababu nyingine, ambayo wengi waliizunguka kama shimo. Ndovu walimuua mumewe, Mutuku, katika shamba lao wenyewe, msimu wa ndengu uliopita. Ni Phineas pekee aliyeitaja, kwa kuwa Mutuku alikuwa kaka yake.

"Shemeji, mzigo wetu mzito ni huo," alimwambia. "Anza nao."

"Nitasema ndengu, nitasema tangi la maji. Mutuku simsemi."

"Salaita nao wana maiti wao. Unadhani watanyamaza?"

"Ndiyo maana. Soko likijaa nyanya, nyanya zinaoza. Wewe waambie wanaume wasimamishe nguzo za waya kabla wageni hawajafika. Mnunuzi akiona umeshatoa kitu chako, naye anatia mkono mfukoni."

Nguzo zilisimamishwa, kwa manung'uniko mengi. Jambo ambalo Kathini hakumwambia Phineas ni kwamba usiku aliouawa Mutuku alikuwa hajawahi kuusimulia, kwa Kikamba wala kwa Kiswahili, hata kwa mama yake mzazi. Watu waliona maiti. Hawakuuliza, naye hakusema.

Masomo yalianza. Daisy alimweleza kwamba Kizungu huchukua kitenzi kidogo cha kila siku, na kukifungia mkia: in, up, down, over. Mkia ukibadilika, kazi inabadilika. Ukisema ya jana, kitenzi ndicho kinachogeuka. Mkia unabaki vile vile.

"Kama ng'ombe wa kiangazi," Kathini akasema. "Mwili unakonda, mkia haukondi."

"Sawa hivyo. Sasa sema waliingia kwa nguvu."

"They broke in."

"Waling'oa ndengu."

"They pulled up the ndengu." Akakunja kidole cha pili. "Na tangi? Waliliangusha."

"They knocked over the tank. Halafu maji yakatuishia: we ran out of water."

Alizibeba hadi sokoni, akizitafuna huku akipima. Miraj, mwenye duka la viungo jirani na meza yake, alimsikia akachungulia.

"Mama Mwendwa, leo umeamkaje kizungu?"

"I woke up. I put on my shoes. The matatu broke down."

"Ajab! Na bei ya ndengu kizungu imeshuka?"

"Bei haijui lugha, Miraj. Lete gunia lako."

Siku ya mwisho Daisy aliongeza sentensi moja ambayo haikuagizwa. "Kama wataulizia baba Mwendwa, sema my husband passed away. Ndiyo ya heshima, mama. Ni kusema alifariki, lakini taratibu."

Kathini aliirudia mara moja, kama mtu anayeonja maziwa aliyoyatilia shaka. "Hakuna kilichokuwa taratibu pale," akasema, akaenda kufunga mbuzi.

Wageni walipokelewa ndani ya kanisa la mabati. Phineas ndiye aliyekwenda kuwachukua stesheni ya Voi, akarudi nao garini akicheka nao. Mkuu wao alikuwa mama mrefu wa makamo, mwenye daftari lililofungwa, asiyejua Kiswahili zaidi ya asante. Kathini alisimama bila kujikohoza. They broke in. They pulled up the ndengu. They knocked over the tank. We ran out of water. Alizipanga kama mafungu mezani, moja moja, akimpa mnunuzi nafasi ya kutazama. Yule mama alimtazama yeye. Simu ilikaa mkobani. Kisha Kathini akamwonyesha nguzo kupitia dirishani: "We put up the poles." Alijua mnunuzi aliyenasa anavyokaa. Huyu alikuwa ameshanasa.

Ndipo mgeni akainamisha kichwa, akasema polepole kwamba alisikitika sana kusikia her husband passed away.

Kathini aligeuka kumtazama Phineas. Phineas alikuwa anatazama viatu vyake.

Basi habari ya Mutuku ilikwishauzwa. Iliuzwa garini, barabarani kutoka Voi, na mwenye mali hayupo. Tena kwa bei ya kutupa: sentensi moja laini iliyomfanya Mutuku aonekane aliyelala akasahau kuamka. Angeweza kusema asante na kukaa. Kila mtu kanisani alikuwa anamwombea aseme asante na kukaa.

"He did not pass away," Kathini akasema.

Benchi moja lililia mtu akijisogeza.

"He went out with a torch. The torch went off. They knocked him down. They came back to him. In the morning we picked him up, in a blanket."

Phineas akanyanyuka nusu. "She means that..."

"Kaa, shemeji. Hukuwa pale."

Akakaa. Mgeni hakuandika kitu. Kathini akamaliza biashara iliyomleta: nguzo ni zetu, walinzi wa waya ni wetu, wewe lete waya. Hiyo aliisema kwa Kiswahili, na safari hii mkalimani hakuthubutu kupunguza neno.

Waya ulikuja Mraru. Phineas alifika nyumbani kwake na kilo mbili za sukari, akasimama mlangoni kwa sababu hakukaribishwa ndani.

"Unaona, shemeji? Si ilisaidia?"

Kathini alipokea sukari na kufunga mlango. Maisha yake yote alijua alichotoa na alichopata. Sasa kila alipoupita ule waya hakujua umenunuliwa kwa nguzo au kwa Mutuku, wala hapakuwa na mtu wa kumuuliza bei.

Siku waya ulipowashwa, Daisy alikuja kuchukua malipo yake. Kathini hulipa mzigo ukishafika. Akajaza gorogoro, akapitisha kiganja juu kusawazisha, kisha akachota konzi moja na kuirudisha guniani.

"Hiyo ni faini ya passed away. Haikukaa."

Daisy alifunga ndengu zake kwenye leso, lakini hakuondoka mara moja.

"Mama, na zile za mwisho? Za tochi kuzimika, za wao kumrudia, za kumwokota kwa blanketi. Hizo hatukuzifanya. Unanilipa ngapi?"

"Zile hukuniuzia wewe," Kathini akasema, akakaza kamba ya gunia.