Mzinga Mtupu

Kwetu Kyuso hufungui mzinga kabla ya kuusikiliza. Unapanda mtini, unaugonga kwa kidole, unautegea sikio. Nyuki wakiwamo, watakujibu. Baba alitufundisha sote wawili, mimi na kaka yangu mkubwa, lakini mizinga yake aliniachia mimi kwa sababu ya masikio yangu.

Kisha nikaajiriwa kwenye mashine ya dizeli ya kusaga unga, na miaka ilivyokwenda, ile injini ikanihamia kichwani. Ngiii, mchana kutwa, hata mchungaji akiomba. Sasa kila mzinga nilioutegea sikio ulivuma. Tulipohitaji asali ya posa ya kijana wetu, nilishusha mzinga mbele ya wazee, nikaufungua kwa madaha. Ndani alikuwamo mjusi.

Wazee walicheka. Kaka hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

"Hii mizinga ya baba leta kwangu," alisema. "Wewe hausikii tena."

Nilimwomba angoje mvua zipite.

Mke wangu alisikia kanisani kwamba hospitali moja kule Kitui ilikuwa na daktari anayetibu kelele za masikio kwa umeme.

"Umeme? Unataka kuwa mjane?"

"Hata saa hii ni kama niko mjane. Nikiongea, wewe ni 'ati?' tu."

Daktari, mama mpole, alinipaka maji ya chumvi nyuma ya masikio, akabandika vibati vyenye nyaya, akawasha kisanduku cha betri.

"Tunajaribu tu, mzee. Wengine inawasaidia, wengine haiwasaidii."

Nilihisi siafu wakinitembea shingoni. Safari za kwanza sikupata nafuu yoyote, nikanung'unika njia nzima kurudi nyumbani. Lakini mvua zilipokaribia kwisha, ngiii ilianza kufifia. Haikuisha kabisa, hata leo hunitembelea nikichoka, nami nimeizoea.

Kaka alipokuja kuichukua mizinga, nilimwongoza hadi kwa ule wa mjusi, niliokuwa nimeurudisha mtini, uliokuwa bado mtupu. Nikaegemeza ngazi, nikapanda. Nikagonga, nikatega sikio. Nilisikia pumzi zangu, na mke wangu kule chini akiuliza, "Kuna kitu?"

"Hakuna!" nikapaza sauti, machozi yakinitoka. "Hakuna kitu kabisa!"

Kaka aliinamisha kichwa, akanishikia ngazi nishuke.