Jiwe Nililolificha Shavuni

Mpaka leo nikipita soko la Tengeru nashusha kofia usoni, maana wako akina mama pale wanaolikumbuka shavu langu kuliko ninavyolikumbuka mimi, na wana haki, kwa kuwa upumbavu ule niliufanya mbele yao mchana kweupe.

Asubuhi hiyo nilitoka shamba la kahawa nilikokuwa kibarua bila kumuaga mtu wala kujua naenda wapi (hata shule niliiacha hivyo hivyo), na mtoni, chini ya nyumba ya mzungu mwenye shamba, nikaokota jiwe jeupe kama maji. Almasi! Mpishi mmoja aliyewahi kufanya kazi machimboni Mwadui alinihadithia kwamba zile almasi kubwa zenye majina hazipandi bei kwa uzito tu, wala kwa kukosa ufa, wala kwa rangi adimu kama ya waridi. Kinachozipandisha zaidi ni mikono ziliyopitia. "Mfalme kamwibia mfalme," aliniambia, "na kila aliyeuawa kwa ajili ya jiwe ameliongezea bei." Basi kuanzia mtoni pale kila niliyekutana naye nilimwona ndiye atakayeniua ili jiwe langu lipate sifa. Mwenye panga la kukatia migomba, muuaji. Bibi mwenye mtungi, mpelelezi. Nikalitia jiwe mdomoni.

Sokoni nikakutana uso kwa uso na mzee mwenye fimbo, na kwetu huku mzee hapitwi bila shikamoo. "Hi-a-oo," nikasema.

"Kijana, wanitukana?"

Nikatikisa kichwa. Mama muuza ndizi akanikodolea macho. "Mzee, hajakutukana, ana jino huyo! Tazama shavu lilivyovimba. Mwiteni fundi!"

Fundi wa kung'oa meno alikuwa hatua tatu tu kutoka pale, na koleo lake mkononi. Nilipotaka kukimbia wakanidaka, wanaume wawili wakanikalia (kwa huruma kabisa, ndilo linaloniuma), fundi akanibana pua, nikaachama, jiwe likadondokea kwenye ndizi.

Kisha mtu akasema, "Almasi hiyo," askari akatokea, nami nikakumbuka jambo jingine aliloniambia mpishi: kukutwa na almasi bila kibali cha serikali ni jela.

Njia nzima mpaka kwa sonara Arusha mjini, watu kama kumi wa soko wakitufuata, mimi niliyeomba liwe almasi nilikuwa naomba lisiwe. Sonara akalipumulia, ukungu ukang'ang'ania badala ya kutoweka papo hapo kama kwenye almasi. Akalikwaruza kwa tupa, ikaacha mchirizi.

"Kizibo cha kioo cha chupa ya pombe," akasema. "Mto umekisugua tu."

Askari akanifungua mikono. "Pole, tajiri." Kicheko chao nilikisikia mpaka mtaa wa tatu.

Jioni nikapata chumba Kaloleni kwa mjane mmoja. Aliponiuliza nimetoka wapi nikamweleza yote, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuapa dukani kwa sonara kwamba sitaficha tena kitu wala sitamshuku mtu kabla hajanishuku yeye. Akacheka mpaka akashikilia mlango, akanipa mkeka. Kisha, upande wa pili wa ukuta, nikamsikia akikusanya bilauri zake moja moja na kuzifungia kabatini.